Nywele Nyuma ya Kioo

Kichwa cha plastiki kilikuwa kimewekwa dirishani tangu asubuhi, na mpaka saa tisa alasiri ndicho pekee kilichokuwa kimemtazama Taratibu usoni.

Si kwamba saluni haikupata watu. Walikuja wanne. Lakini mteja wa nywele hakutazami wewe, anajitazama mwenyewe. Anakaa, anakupa kisogo, na maneno yake yote anakipa kioo. Ukisuka miaka kumi na tisa unavijua visogo vya mtaa mzima, ila mwenye kisogo akija uso kwa uso njiani, inabidi umwache apite kwanza ndipo umtambue.

Taratibu si jina alilopewa na wazazi. Walimpa wateja, kwa kuwa ndilo neno lake. Mtu akija amejichana kwa hasira, anamshika mkono: "Taratibu, dada. Hicho ni kichwa, hulimi magugu." Wala hakumwachia mteja aondoke mikono mitupu. Kazi ikiisha alizitoa nywele zilizobaki kwenye chanuo, akaziviringisha, akazifunga kwenye kikaratasi, akaandika tarehe, akampa mwenyewe.

"Nenda nazo nyumbani ukazisome," angesema. "Yenye kidoa cheupe mwishoni imemaliza siku zake, usiililie. Isiyo na kidoa imekatika, na aliyeikata ana mkono. Zikiwa kama punje ya pilipili manga, shukuru. Zikifika ukubwa wa yai, njoo tuongee."

Za kwake hakumsomea mtu. Miaka kumi na moja Taratibu hakuonekana bila kilemba. Nyuma, chini ya kitambaa, nywele zilikuwepo, nyingi na nyeusi. Lakini kutoka kwenye paji la uso mpaka juu ya masikio, huku na huku, palikuwa peupe, laini kama kisahani. Alijifanyia mwenyewe. Ujanani alikuwa ndiye bango la saluni yake: alijisuka misuko midogo midogo, akaivuta mpaka macho yakapanda, watu wamwone na kusema huyu anajua kazi. Ikalegea, akaifumua, akaivuta tena. Angekuwa mteja, angemkataza. Yeye hakuwa na wa kumkataza.

Mume aliyekuwa naye aliamka asubuhi moja, akaziona nywele juu ya mto. "Hata nywele zako zinakukimbia," akasema, "mimi ni nani nibaki?" Hakubaki. Watu walipouliza, Taratibu alijibu kwamba bwana amepata kazi mbali. Ni kweli alikuwa mbali. Kazi ndiyo hakuwa nayo.

Tangu hapo vikaratasi vya nywele zake mwenyewe alivisokomeza nyuma ya kioo kikubwa cha ukutani, kwenye upenyo. Hakuthubutu kuvitupa pipani, maana pipa lilipita mikononi mwa mama jirani, muuza vitambaa, ambaye mdomo wake ulikuwa hauna pazia.

Miezi tisa iliyopita kioo kile kilipata ufa. Akaitwa fundi wa vioo. Siku yenyewe Taratibu aliitwa kumsuka bibi harusi kwao, na aliporudi alikuta kioo kipya kimekaa ukutani, kimefutwa, kinang'aa, na Fundi anakunja kamba zake. Moyo ukamruka. Fundi alipotoka tu, akapitisha kidole kwenye upenyo. Vikaratasi vyote vilikuwepo, vimejipanga. Akapumua. Bila shaka alidhani ni kabari, za kuzuia kioo kisicheze. Wanaume! Ukimwachia barua ya mapenzi chini ya meza yenye mguu mfupi, atakushukuru kwa kuwa meza imetulia.

Kuanzia wiki ile Fundi alimleta mama yake kuosha nywele kila Alhamisi saa tisa. Mama Fundi alikaa kwenye kiti, mwanawe kwenye benchi la nyuma, kofia kichwani hata joto liweje. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na mbili, mpole, mwenye makovu madogo ya vioo vidoleni. Taratibu akiinua macho kutoka kwenye mvi za mama, alikutana na macho ya Fundi kiooni. Hawakutazamana kwa njia nyingine. Dakika arobaini kwa wiki, na Taratibu aliishi nazo siku sita zilizobaki: akila peke yake kwenye sahani moja, akitandika kitanda upande mmoja tu, kwa sababu ule wa pili haukuwa umevurugwa na mtu.

Wiki tatu zilizopita Fundi alikohoa, akakiambia kioo: "Nikikuomba uwe mke wangu, utasemaje?"

Taratibu aliona nyumba. Akaona chumba. Akaona mto asubuhi.

"Nitasema kichwa kinaniuma," akajibu.

Mama Fundi, aliyekuwa kainamia beseni na povu mpaka masikioni, aliinuka wima. "Mwanangu anatoa roho, wewe unatoa kichwa! Mimi nilimwambia huyu. Mwanamke anayefunga kilemba mbele ya wanawake wenzie ana jambo lake. Nisuuze, nitoke."

Akasuuzwa, akatoka. Na leo Alhamisi ya tatu, saa tisa imefika, kiti kitupu.

"Hodi."

Taratibu hakugeuka. Alimwona kiooni. Kofia ile ile.

"Karibu, Fundi. Mama yuko nyuma?"

"Mama yuko nyumbani. Kanuna."

"Bado?"

"Mama hanuni rejareja, mwenzangu. Ananuna kwa jumla." Akatoa kifurushi cha karatasi mfukoni, akakiweka juu ya meza, kati ya pini na mafuta. "Nimekuletea hizi, za mama. Ulisema zikifika ukubwa wa yai."

Taratibu alikifungua. Donge la nywele lilikuwa yai kweli, tena la bata. Akavuta nywele mbilitatu, akazipeleka dirishani kwenye mwanga, na kwa muda kidogo akasahau kuwa moyo unamwenda mbio.

"Hizi hazikuanguka. Zimekatwa. Nani anamchana?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa hachaniki na mwingine."

"Nauliza unamchana kwa kitu gani."

Fundi akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa kitana kidogo chembamba, meno yamebanana, mawili hayapo.

"Hicho cha masharubu?"

"Ninacho tangu ujana. Hakijanikosea."

"Nywele zikiwa zimeloa, au kavu?"

"Kavu."

"Unaanzia wapi?"

"Juu. Si ndiko zinakoanzia?"

"Mungu wangu. Na mama anasemaje?"

"Anasema kama ningetaka urithi angenipa, si lazima nimuue."

Taratibu alicheka, na kicheko kilipomtoka alikishangaa, kama mtu aliyesikia mlango unafunguka kwenye nyumba isiyokaliwa. Fundi naye akatabasamu kioo kizima. Kisha tabasamu likazimika.

"Tunahama Jumamosi," akasema. "Kaka yangu anamtaka mama akae karibu naye. Kuna karakana huko, nami nitaenda. Mizigo tumeshafunga nusu."

Chanuo lilikuwa mkononi mwa Taratibu. Akalipanga vizuri mezani, sambamba na mkasi, kana kwamba ndiyo kazi kubwa ya siku ile.

"Jumamosi hii?"

"Hii. Saa mbili asubuhi. Sikuja kukusumbua kwa lile la siku ile. Ulijibu, nikasikia. Nimekuja kwa ajili ya mama. Kule hatakubali mkono wa mtu. Anasema mkono wako haukuwa na kosa, kosa lilikuwa mdomo. Ukikosekana wewe, anataka nimwoshe mimi. Nifundishe, Taratibu. Kabla sijammaliza."

Angekataaje? Akakishusha kichwa cha plastiki kutoka dirishani, akakisimika juu ya meza.

"Sogea. Shika kwa vidole kwanza, kabla ya chanuo. Loanisha, tia mafuta kidogo, tafuta mafundo kwa vidole. Gawa mafungu manne, ufunge matatu. Usipigane na kichwa kizima kwa mara moja."

"Hivi?"

"Hivyo. Sasa chanuo la meno mapana. Anza nchani. Nchani, Fundi! Ukishapita ncha, panda kidogo, tena kidogo. Mkono mwingine shika karibu na ngozi, ili ukivuta, uvutike mkono wako, si yeye."

"Na kuosha?"

"Maji ya vuguvugu. Nyama ya vidole, si kucha. Povu lipite kwenye ngozi, nywele zitajisafisha likishuka. Usikaushe kwa taulo, linakwaruza. Chukua fulana yako ya zamani, ukamue taratibu, kama unayemfuta mtu machozi." Akakipangusa kichwa cha plastiki. "Ukimaliza, msuko mlegevu. Ukiona nyusi zimepanda, umekaza. Alale amefunga kitambaa laini. Ncha umpunguze kila baada ya miezi mitatu, hata akikugombeza."

"Atanigombeza."

"Mkumbushe zilizokatwa na kitana."

Fundi alichana. Vidole vilivyozoea kubeba kioo bila kukivunja vilikuwa vyepesi, kama Taratibu alivyotarajia. Lakini kila baada ya muda alisimama.

"Hiki hakisemi 'aa'," alilalamika.

"Ni plastiki."

"Ndiyo nasema. Nitajuaje nimemuumiza? Mama ana ngozi, ana shingo, anashtuka. Hiki hata nikikivunja kitanitazama hivi hivi." Akaweka chanuo chini. "Nifundishie kichwa chako."

"Nini?"

"Kaa wewe. Mimi nichane. Nikikosea useme."

"Sifundishii kichwa changu."

"Dakika tano."

"Nimesema hapana! Kila mtu ana kichwa chake, wewe ujue cha mama yako. Kilicho chini ya kitambaa hiki hakikuhusu na huna haja ya kukijua."

Fundi aliangalia mikono yake. Alipoongea, hakuongea na kioo. Alikuwa amegeuka, anamtazama yeye, na Taratibu hakujua aweke wapi macho.

"Nakijua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kioo nikikifunga mimi, hakihitaji kabari."

Nje, cherehani ya mama jirani ilikuwa inakimbia. Ikasimama. Ikakimbia tena.

"Vile vikaratasi niliviondoa visiingie gundi," Fundi aliendelea kwa sauti ya chini. "Nikavipanga kwa tarehe, nivirudishe kama nilivyovikuta. Kimoja kikafunguka. Sikuwa nachungulia."

"Miezi tisa," Taratibu akasema.

"Miezi tisa."

"Kila Alhamisi najifunga mbele ya hiki kioo, navuta kitambaa huku na huku, nahangaika, na wewe umekaa pale unajua! Ulikuwa unanicheka?"

"Mimi?"

"Basi ulikuwa unanionea huruma. Maskini Taratibu. Kumbe yote yale yalikuwa huruma!"

"Huruma haiji kila Alhamisi na mama yake," Fundi alisema.

Ungekuwa wewe msomaji, ungelainika. Lakini mtu aliyefunga kitu miaka kumi na moja, ukimfungulia ghafla, cha kwanza kinachotoka ni ukali.

"Toka, Fundi."

"Taratibu..."

"Toka nje. Nenda na mama yako, nenda na yai lako. Niache."

Alisimama kidogo mlangoni, akaigusa kofia yake. Pazia likarudi mahali pake.

Taratibu alikaa kwenye kiti cha mteja. Miaka kumi na tisa alikuwa amekizunguka kile kiti, hakuwahi kukikalia. Kilikuwa kimebonyea pale wengine walipokaa, na yeye hakuenea vizuri kwenye alama ya mtu yeyote. Mezani palikuwa na chanuo la meno mapana alilotaka kumpa Fundi. Amelisahau. Mama yake ataingia njiani na kitana cha masharubu.

Akafungua kilemba.

Alijitazama kama anavyotazama mteja mpya, bila huruma na bila dharau. Nyuma pazuri. Pembeni pamekwisha. Pengine pangeota kidogo pakiachwa, pengine pasiote. Angekuwa mteja angemwambia: mpenzi, acha kuvuta. Akainua mkono, akapagusa.

"Taratibu," akajiambia. Sauti ilimtoka imepasuka. Ndipo alipokumbuka kwamba neno lile alilompa kila mtu hakuwahi kukipa kichwa chake.

Alilia mpaka akachoka, na alipochoka akakasirikia vikaratasi. Akachukua kisu chembamba, akakipitisha kwenye upenyo wa kioo, vikaanza kudondoka. Tap. Tap. Vilijaa mezani, vyote vya karatasi ya daftari, vyote vimesokotwa ncha zote mbili kama peremende. Atavichoma vyote leo hii.

Kimoja hakikusokotwa.

Kilikuwa cha karatasi nene ya kijivu, ile wanayofungia vioo visigongane. Kimekunjwa pembe nne, kingo zimenyooka kana kwamba zimekatwa kwa rula. Juu yake, kwa penseli nzito ya fundi, iliandikwa tarehe ya siku kioo kilipofungwa. Na chini ya tarehe: *Na mimi.*

Ndani mlikuwa na nywele fupifupi, kama pini za kushonea. Nyeusi nyingi, nyeupe mbili. Alizipeleka dirishani, akazisoma kama anavyosoma za watu wote. Kila moja ilikuwa na kidoa chake cheupe. Hazikukatwa na kinyozi. Zilianguka zenyewe.

Ndipo akaielewa kofia. Jua liwe kali, chumba kiwe na mvuke, mama amgombeze avue: kofia. Miezi tisa alimtazama mwanaume yule kwa jicho la mapenzi, yeye ambaye kazi yake ni vichwa, asijiulize hata siku moja kwa nini havui kofia! Alikuwa na shughuli nyingi mno za kuficha cha kwake.

Akacheka peke yake, machozi bado yanashuka, na kichwa cha plastiki kikamtazama kama kinavyotazama kila kitu.

Hakuchoma. Alichukua chanuo. Kilemba kilikuwa kwenye mgongo wa kiti; mkono ukakifuata kwa mazoea, ukafika nusu ya njia, ukarudi.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa alipotoka. Upepo ulimgusa pembeni mwa kichwa, mahali ambapo haukuwa umefika tangu alipokuwa mke wa mtu, akasisimka kama aliyemwagiwa maji. Mama jirani aliinua uso kutoka kwenye cherehani. Mdomo wake ulifunguka, ukabaki wazi, na kwa mara ya kwanza mtaani pale haukutoa kitu.

"Habari za saa hizi," Taratibu alimsalimu, akapita.

Nyumba ya Mama Fundi haikuwa mbali. Maboksi yalikuwa yamepangwa barazani, yamefungwa kamba. Akabisha. Mlango ukafunguliwa na mama mwenyewe. Nywele zake za kijivu, zile ambazo Taratibu alizilea kwa mkono wake kila Alhamisi mpaka zikajaa kama za msichana, zilikuwa zimesimama upande mmoja na kukatika upande mwingine, kama zimetafunwa na mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakumkaribisha. Alikuwa anamtazama kichwani, upande huu, kisha ule, bila haraka. Taratibu alilishika chanuo kwa mikono miwili, miguu ikimwambia akimbie.

"Ndicho hicho kichwa kilichokuuma siku ile?"

"Ndicho, mama."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na moja."

"Na miaka yote hiyo, nani anakuosha?"

Taratibu akatikisa kichwa.

Mama Fundi alinyoosha mkono. Kwa mgongo wa vidole, kama unavyompima mtoto homa, akapagusa palipo wazi juu ya sikio, akapapapasa mara moja, mara mbili. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kupagusa pale.

"Mbona laini tu," akasema. "Mimi nilidhani una pembe."

Kisha akageuka, akapaza sauti kwenda ndani.

"Wewe! Vua hilo likofia lako, ulete maji ya vuguvugu na ile fulana yako kuukuu. Mwalimu wako kaja na kichwa cha kufundishia!"

Huko ndani sufuria ilianguka, ikazunguka sakafuni muda mrefu.

"Na umpigie kaka yako simu," mama akaendelea, huku anamvuta Taratibu mkono mpaka chumbani na kumkalisha kwenye kigoda. "Mwambie Jumamosi hatuji. Jumamosi mama yako anaosha nywele."

Fundi akatokea mlango wa ndani na beseni. Utosi wake ulikuwa wazi, umezungukwa na nywele chache zisizojua zibaki au ziende. Alisimama pale, maji yanamwagikia miguuni, anamtazama Taratibu, na Taratibu anamtazama yeye, na chumbani mule hapakuwa na kioo hata kimoja.